Kufunga begi la kisiwa kisicho na watu ukitokea Arusha au Moshi: mwongozo kamili

Vikundi vinavyoshuka kutoka Arusha na Moshi kwenda kupiga kambi kwenye visiwa visivyo na wakazi mwambao wa Tanga hukosea mahali palepale. Begi limejaa chakula, panga ni jipya, mfuko wa kulalia wa mlimani upo. Lakini maji yote yako kwenye dumu moja, hakuna kitu cha kuwekea kivuli, na katika watu sita hakuna hata mmoja mwenye filimbi.

Mwongozo huu unafuata kanuni moja: kitu huingia kwenye begi kwa kuangalia ukikikosa utaumia baada ya muda gani. Jua la pwani linaweza kukuangusha kwa saa chache. Kiu inamaliza mtu kwa siku chache tu, tena upesi zaidi kwenye joto. Jeraha la matumbawe lisilosafishwa linakuwa ugonjwa ndani ya siku kadhaa. Njaa ndiyo ya mwisho, kwa sababu mtu mzima mwenye afya anayepata maji hustahimili wiki kadhaa. Wengi hufunga begi kwa kuanzia mwisho wa orodha hiyo.

Hesabu zote hapa ni za mtu mmoja, kambi ya siku 2, na siku 2 za akiba iwapo boti haikurudi.

## Vitu vya kuandaa

Maji
- Madumu 4 ya lita 5, mapya au yaliyowahi kubeba maji tu
- Chupa 1 ya chuma ya lita 1, yenye ukuta mmoja
- Sufuria ya lita 2 yenye mfuniko, isiyo na mikono ya plastiki
- Kikombe kidogo cha chuma kinachoingia ndani ya sufuria hiyo
- Vidonge vya klorini vya kutibu maji
- Kipande cha kanga safi cha kuchujia

Kivuli na malazi
- Turubai la mita 3 kwa 4
- Kamba ya nailoni ya milimita 5, mita 20
- Viroba 4 vitupu vya kilo 5 au 10
- Chandarua chenye dawa
- Shati la mikono mirefu, suruali nyepesi, kofia pana, kanga 2

Moto
- Viberiti vya gesi 2 na boksi 2 za njiti
- Pamba na kikopo kidogo cha mafuta mgando

Ishara
- Kioo kidogo cha mkononi, filimbi ya plastiki, tochi ya kichwani na betri za akiba
- Kitambaa cha rangi ya chungwa, mita 1 kwa 1
- Simu yenye chaji kamili na pawabenki

Mwili
- Viatu vilivyofunika vidole, vyenye soli nene
- Pakiti 6 za ORS (unga wa kuchanganya na maji kwa aliyepungukiwa maji mwilini), dawa ya iodini, bandeji, shashi, plasta, kibanio cha kutolea miiba, paracetamol, na dawa zako za kila siku
- Jaketi la kujiokolea linalokutosha

Zana na chakula
- Kisu, panga na tupa ndogo ya kunolea
- Chakula kikavu, kilo 2

Chombo cha kubebea
- Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana, ile iliyokuja na mafuta ya kupikia. Usichukue iliyobeba rangi au dawa ya shamba, hata ikisuguliwa vipi.

Karibu vyote hivi vinapatikana Soko Kuu na Kilombero kwa Arusha, na Mbuyuni kwa Moshi. Shati la mikono mirefu na kofia pana, zunguka Soko la Memorial, Moshi. Maduka ya kukodisha vifaa vya mlimani yatakusaidia kwa tochi ya kichwani, koti la mvua na godoro jembamba la kulalia. Mfuko wa kulalia wa baridi ya Kibo uache hukohuko: ni mzito, unanyonya unyevu wa bahari, na usiku wa pwani shuka na kanga zinatosha.

## Hatua ya 1: Jua kisiwa kabla ya kununua chochote

Begi la kisiwa cha matumbawe si begi la kisiwa cha ziwani, na ukikosea hapa hatua zote zinazofuata zinapotea.

Kisiwa cha matumbawe chenye vichaka. Mwamba wake una matundu mengi, mvua inazama moja kwa moja. Usitegemee kijito wala chemchemi. Visiwa vingi vidogo vya aina hii havina hata mnazi mmoja, kwa hiyo ndoto ya kuishi kwa madafu iondoe kwenye hesabu.

Fungu la mchanga. Mfano unaojulikana ni Maziwe, mbele ya Pangani. Ni mchanga mtupu usio na mti, na bamvua kubwa likija, yaani bahari inapojaa kupita kawaida, maji huufunika. Hapa ni pa kushinda, si pa kulala, hata uwe na begi la namna gani.

Kisiwa cha ziwani, kama vile Ziwa Victoria. Maji hayana chumvi, lakini yana kichocho, na ufukweni panaweza kuwa na mamba au kiboko. Huko punguza madumu, ongeza kuni na vidonge, na usiteke maji kwa kuingia hadi magotini.

Visiwa kadhaa vya pwani ni maeneo tengefu, yaani yanayolindwa, Maziwe kikiwemo. Ulizia kibali na ada kwa Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu kabla ya kulipia boti, na uliza wazi kama kulala kunaruhusiwa.

Umefaulu kama unaweza kujibu maswali matatu: kuna maji ya kunywa? Kuna miti ya kufungia turubai? Bahari ikijaa kabisa, sehemu gani inabaki kavu?

## Hatua ya 2: Maji

Hapa tutakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo mambo huharibika.

Panga lita 5 kwa siku: takriban 4 za kunywa na 1 ya kupikia na kusafishia vidonda. Mtu aliyezoea hewa ya Arusha, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, akifika Pangani atatoa jasho kuliko anavyodhani. Siku 4 ni lita 20, ndiyo hayo madumu manne.

Kwa nini madumu manne ya lita 5 na si moja la 20? Dumu moja likipasuka kwenye mwamba wakati wa kushusha, umepoteza robo tu. Tena lita 5 unabeba kwa mkono mmoja ukipita kwenye maji ya magotini. Madumu mawili yatie alama ya rangi na usiyafungue mpaka siku za akiba zifike.

Jambo dogo la kuangalia njiani: dumu tupu lililofungwa kwa kubana huku juu litajikunja likifika pwani, kwa sababu hewa ya chini ni nzito zaidi. Plastiki iliyochakaa hupasukia hapo hapo kwenye mkunjo. Yabebe yakiwa yamejaa mpaka shingoni, au uyajaze Tanga mjini.

Kutibu maji ya mvua au ya kisima. Chuja kwa kanga iliyokunjwa mara nne, kisha chemsha. Maji yakianza kuruka kwa nguvu, hesabu dakika moja kamili. Kwa vidonge, soma pakiti: vingi vimetengenezwa kwa lita 20 kila kidonge, na kosa la kawaida ni kukitumbukiza kwenye chupa ya lita moja. Kidonge cha aina hiyo ni cha ndoo. Koroga, funika, subiri dakika 30.

Vikiisha na kuni zimelowa, jaza chupa safi isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, maji yasiyo na tope, ilaze juani saa 6. Mawingu yakitanda, iache siku mbili mfululizo. Jua linaua vijidudu lakini haliondoi chumvi.

Kukinga mvua. Turubai la mita 3 kwa 4 lina mita za mraba 12. Mvua ya milimita 10 inaweza kukupa karibu lita 100, ukitoa zinazomwagika pembeni. Linamishe upande mmoja, kona ya chini iingie kwenye ndoo. Mvua ya dakika za kwanza iache iende, inaosha chumvi na kinyesi cha ndege. Kwa safari za masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba, tegemeo hili lina maana. Januari na Februari usilihesabu.

Maji ya bahari. Usinywe hata kidogo, wala usiyachanganye na maji matamu ili yaongezeke. Lita moja ya bahari ina chumvi karibu gramu 35, na figo hutumia maji mengi zaidi kuitoa kuliko uliyokunywa.

Unaweza kuyageuza kwa mvuke. Weka jiwe dogo katikati ya sufuria na kikombe cha chuma juu yake. Mimina maji ya bahari yasifike nusu ya kikombe. Geuza mfuniko, kishikio kitazame chini juu ya kikombe, halafu tandika kitambaa kilicholowa juu yake ili mfuniko upoe. Moto uwe mdogo: maji yakiruka yataingia kikombeni na chumvi yake. Mvuke unagonga mfuniko, unateremka kwenye kishikio na kudondoka. Kwa saa kadhaa za kuni unapata vikombe vichache tu, na sufuria ikikauka itaungua. Ni njia ya kuvuka siku mbaya, si ya kunywesha kundi.

Chupa ya chuma iwe ya ukuta mmoja kwa sababu unaweza kuiweka motoni ikiwa wazi. Ya kutunza joto ina kuta mbili, na ukiiweka motoni inaweza kupasuka.

Umefaulu kama mkojo wako ni wa njano hafifu na unakwenda haja ndogo mara tatu au nne kwa siku. Ukiwa na rangi ya chai ya rangi, kunywa sasa, usisubiri zamu. Maji yamesaidia watu tumboni kuliko dumuni.

## Hatua ya 3: Kivuli, na mahali pa kulala

Watu wa bara wanaijua mvua, wanaijua baridi, lakini wengi hawaijui bahari inayotembea. Pwani ya Tanga tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4 wakati wa bamvua kubwa. Maji hujaa mara mbili kwa siku, kila mara yakichelewa: leo yakijaa saa 10 alfajiri, kesho ni kama saa 10 na dakika 50. Bamvua huja mwezi ukiwa mpevu na ukiwa mwandamo, na kilele chake mara nyingi ni siku moja au mbili baadaye. Kati ya hapo ni maji mafu, yanayopanda kidogo.

Hatari iko hapa: ukifika siku ya maji mafu utaona mchanga mkavu mpana, utalala hapo, na siku chache baadaye bahari itakufuata kitandani.

Tembea kutoka majini kwenda juu ukitazama mistari ya takataka. Wa kwanza ni mwani mbichi, wa maji ya leo. Wa pili ni mwani uliokauka. Wa juu kabisa una makumbi, vijiti vyeupe na chupa za plastiki, na huo ndio wa bamvua. Lala juu ya mstari huo, ndani ya eneo lenye majani yanayoota. Kama hakuna majani yanayoota popote, usilale kisiwani.

Kufunga turubai kwenye mchanga kunawashinda wengi kwa sababu kigingi hakishiki. Fanya hivi:

1. Jaza kiroba mchanga, funga mdomo kwa kamba, ukifukie nusu mita. Kimoja kila kona isiyo na mti.
2. Usifunge kamba kwenye tundu la chuma la turubai. Upepo wa usiku mmoja unalichana. Weka kijiwe laini ndani ya kona, kunja turubai likizunguke, funga kamba nyuma ya kijiwe. Kadiri upepo unavyovuta, ndivyo fundo linavyokaza.
3. Upande unakotoka upepo ushushe karibu na ardhi. Kusi hutoka upande wa kusini, takriban Aprili hadi Septemba. Kaskazi hutoka kaskazini mashariki, Desemba hadi Machi.
4. Acha upande wa pili wazi, hewa ipite.

Kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni kaa chini yake. Kazi za kuni na kuzunguka kisiwa zifanye asubuhi na jioni. Chandarua kitundike ndani ya turubai, hasa karibu na mikoko.

Umefaulu kama unaweza kuning'inia kwa mikono miwili kwenye kamba ya kona na kiroba kisitoke.

## Hatua ya 4: Moto

Njiti za kiberiti zinakufa kwa unyevu wa hewa tu, bila hata kuloweshwa. Zifunge ndani ya mfuko wa plastiki mara mbili, pamoja na kile kikaratasi cha kuwashia. Kiberiti cha gesi kimoja kikae mwilini, kingine kwenye ndoo. Kikilowa, pulizia gurudumu, kiache kikauke, kitawaka tena.

Pamba iliyosuguliwa mafuta mgando huwaka dakika kadhaa hata kwenye upepo, na hapo ndipo penye siri ya kuni mbichi. Tengeneza vidonge 15 vya ukubwa wa kidole gumba nyumbani, uviweke kwenye kikopo. Ukitaka kuwasha, chana kidonge nyuzi zitoke nje. Kikibaki kimeshikamana hakishiki.

Kuni nzuri ufukweni ni matawi ya mvinje yaliyodondoka. Mikoko usikate, inalindwa kisheria. Makumbi ya nazi yanatoa moshi mzito: yanafukuza mbu na yanaonekana kutoka baharini.

## Hatua ya 5: Ishara

Kinachoweza kukutoa kisiwani ni kuonwa na mvuvi. Wengi huvua usiku na kurudi alfajiri, kwa hiyo saa 12 hadi saa 2 asubuhi mtu mmoja awe macho ufukweni na kitambaa cha chungwa mkononi.

Kioo. Mwanga wake unaonekana kilomita nyingi kukiwa na jua. Nyoosha mkono mmoja mbele, tenganisha vidole viwili, iweke boti katikati yake. Kwa mkono wa pili cheza na kioo karibu na jicho mpaka doa la mwanga liangukie vidoleni, kisha litikise polepole kushoto na kulia. Ukikipeperusha ovyo, mwanga unapita juu ya boti bila mtu kuuona.

Filimbi. Milio mitatu, pumzika, milio mitatu tena. Sauti ya mtu inakauka baada ya dakika chache za kupiga kelele, filimbi haichoki. Iwe ya plastiki, ya chuma hushika kutu.

Mikono. Usipunge mkono mmoja. Mvuvi ataona mgeni anamsalimia, atakupungia na kuendelea. Nyoosha mikono yote miwili pembeni, ipandishe na kuishusha taratibu, tena na tena.

Moto. Mioto mitatu kwa pembetatu, hatua 30 hivi kati yake. Mchana ongeza majani mabichi upate moshi.

Simu. Zima data, zima bluetooth, ifunge kwenye mfuko wa plastiki, iwashe mara mbili tu kwa siku ukiwa sehemu ya juu zaidi. Ujumbe mfupi hupita pale ambapo simu ya sauti inakatika. Namba ya dharura ni 112.

Usiondoke Arusha au Moshi kabla ya kuwaachia watu wawili karatasi yenye jina la kisiwa, namba ya nahodha, siku na saa ya kurudi, na saa ambayo wasipokusikia waanze kupiga simu. Karatasi hiyo haina uzito na ina nguvu kuliko vyote ulivyofunga.

## Hatua ya 6: Miguu, vidonda na homa

Usitembee peku majini. Katambuga zina soli isiyotoboka lakini vidole viko wazi, na hatari nyingi za ufukweni huja kwa mbele au pembeni: taa, samaki bapa mwenye mwiba wa sumu mkiani, aliyejifukia mchangani, viumbe vyenye miiba mirefu myeusi, na samaki anayefanana kabisa na jiwe mwenye miiba ya sumu mgongoni. Vaa raba za zamani, uburute miguu badala ya kuinua hatua. Taa akisikia mtikisiko huondoka.

Ukichomwa na mwiba wenye sumu, pasha maji yawe moto kiasi ambacho mkono mzima unaweza kuvumilia, kisha tumbukiza sehemu iliyochomwa dakika 30 hadi 90 ukiongeza maji ya moto yanapopoa. Joto hupunguza maumivu ya sumu hiyo. Mwenye maumivu asipime joto mwenyewe, maana hahisi vizuri na ataungua. Akipumua kwa shida au kulegea, ishara zote za hatua ya 5 zianze mara moja.

Mkwaruzo wa matumbawe unaonekana mdogo na ndio unaooza. Ndani yake kuna vipande vidogo sana. Osha kwa maji safi, sugua kwa shashi mpaka vipande vitoke hata kama inauma, weka iodini, funga, rudia asubuhi na jioni.

Malaria ni nyingi zaidi Tanga kuliko Arusha na Kilimanjaro, na aliyekulia juu hana kinga ya kutosha mwilini. Zungumza na daktari kuhusu dawa za kuzuia kabla ya safari. Ukipata homa hata wiki kadhaa baada ya kurudi, pima, na umwambie mhudumu kuwa ulilala pwani.

ORS: soma pakiti ni ya maji kiasi gani, nyingi ni lita moja. Zikiisha, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kwa lita moja ya maji safi.

## Hatua ya 7: Chakula

Kifupi. Gramu 500 kwa siku zinatosha: tende, karanga zisizo na chumvi, sukari guru, biskuti, unga wa uji. Acha maharage, yanakunywa maji na kuni. Acha dagaa wa chumvi na nyama kavu, vinaongeza kiu. Maji yakiwa machache, punguza kula.

Usile samaki anayejivimbisha, bunju. Sumu yake haiondoki kwa kupika na inaua. Kasa pia usile wala mayai yake: nyama yake imewahi kuua watu pwani hii, na analindwa kisheria. Usiokote konokono mwenye gamba la umbo la koni hata kwa kumtazama tu, kwa sababu wapo wanaochoma kwa sumu kali.

## Hatua ya 8: Kufunga

Gawa vitu katika mafungu mawili, kwa sababu boti ikipinduka utabaki na kilichofungwa mwilini.

Mwilini, ndani ya mfuko wa kiunoni chini ya jaketi la kujiokolea: kisu, kiberiti cha gesi, filimbi, kioo, vidonge vya klorini, dawa zako, simu ndani ya plastiki.

Kwenye ndoo: moto wa akiba, dawa, chakula, betri, nguo kavu, sufuria ikiwa na kikombe ndani. Ndoo iliyofungwa vizuri huelea, na ukifika inakuwa kiti na tangi la mvua. Turubai, panga na viroba vifungwe pamoja nje, madumu peke yake. Panga lifunge kwa kadibodi na mpira, limeshatoboa madumu mengi.

## Hatua ya 9: Jaribio la saa 24 uani

Hatua hii inarukwa na karibu kila mtu. Fanya wiki mbili kabla, uwe na muda wa kurudi sokoni.

Weka karatasi kavu ndani ya ndoo, funga, izamishe kwenye pipa la maji saa moja ukiiwekea jiwe juu. Karatasi ikilowa, badilisha mfuniko. Kisha toka uani na begi lako tu, bila kuingia jikoni. Funga turubai bila kutumia ukuta wa nyumba. Mwaga maji juu ya kuni, uziwashe. Pika uji, chemsha lita 2, tengeneza kikombe kimoja kwa mvuke kutoka maji uliyoyatia chumvi. Lala hapo.

Kwa Moshi, usiku wa masika ni mtihani mzuri wa moto na turubai. Kiu ya pwani huwezi kuijaribu ukiwa juu, kwa hiyo usipunguze madumu eti ulibakiza maji.

Umefaulu kama moto umewaka ndani ya dakika 15, turubai halikuvuja, na hukwenda ndani kuchukua kitu. Kila ulichokwenda kuchukua, kiongeze. Ambacho hukukigusa na si cha dawa wala ishara, kiache.

## Hatua ya 10: Siku ya safari, na boti isiporudi

Asubuhi ya kuondoka soma utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kukiwa na tahadhari ya upepo mkali na mawimbi, ahirisha. Vaa jaketi kabla ya kupanda boti. Kubalianeni na nahodha kama atarudi maji yakiwa yamejaa au yamepwa, maana visiwa vingine havifikiki kwa boti yakipwa.

Saa ya kurudi ikipita, subiri kivulini. Kagua madumu, yahesabu mbele ya wote, mkubaliane mgao. Tandika kitambaa cha chungwa mahali pa wazi, andaa mioto mitatu bila kuiwasha, panga zamu za kutazama bahari. Watoto na wagonjwa wanywe kwanza.

Usiogelee kwenda bara hata kama unaona taa za Pangani usiku. Maji yanapopwa huvuta kuelekea nje kwa nguvu kuliko mwogeleaji mzuri, na umbali juu ya bahari hudanganya macho. Usifunge madumu uwe na chelezo. Yule mwenye karatasi yako nyumbani atawatuma watu kwenye kisiwa ulichokiandika, kwa hiyo baki hapo.